Hatua Kumi na Mbili

Madame Emérence alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ulikuwa ukweli wa ramani. Mtoto aliweza kuchelewa, kusahau kalamu, hata kusinzia saa ya hesabu, akasamehewa. Lakini achore mto Ruzizi ukiingia ziwani badala ya kutoka, hapo angekiona cha moto.

"Ramani haina haya," aliwaambia watoto wa darasa la tano. "Inaonyesha kitu kwenye iko, basi."

Wiki ile aliwapa kazi ya kuchora nyumba zao na njia ya kuja shuleni. Wapime kwa hatua za miguu, na pembeni waandike maana ya kila alama. Karatasi thelathini na nane zikarudi. Alizisahihisha mbiombio, akiangalia kaskazini na vipimo tu, kisha akatundika ukutani tano zilizo bora. Ya kwanza ilikuwa ya Joviale, kumi juu ya kumi. Joviale alikuwa na miaka kumi, na tangu afiwe na baba yake alikuwa mkimya mno.

Alhamisi, watoto wakiwa nje kwa mapumziko, Emérence alisimama mbele ya ramani ile ajifurahishe kidogo. Nyumba, jiko, choo, bomba la maji. Nyuma ya jiko palikuwa na stoo ya makaa, na ndani ya stoo msalaba mdogo mwekundu. Alitafuta maana yake pembeni. Mwandiko ulikuwa safi, umenyooka: *Kitanda ya papa.*

Alisoma mara tatu: kitanda cha baba. Mugisho, baba yake Joviale, alikuwa marehemu tangu mwezi wa tatu. Emérence mwenyewe alikwenda kwenye misa yake, akamkumbatia mjane, akalia machozi ya kweli. Walisema alipigwa risasi kwenye njia ya kwenda Mumosho na mwili haukupatikana. Mtaa mzima ulijua ni akina nani waliokuwa wakimtafuta, na mtaa mzima uliuma ulimi.

Kumbe yuko hai! Alitaka kucheka kwa furaha, kisha akawakumbuka wale waliokuwa wakimtafuta, akaogopa. Bila shaka mtoto alikatazwa kusema. Hakusema, alichora. Nani angekumbuka kumkataza kuchora? Emérence alijilaani, akanyoosha mkono aitoe karatasi. Alikuwa amechomoa pini ya kwanza mlango ulipofunguliwa.

Aliingia Papa Venant, mkurugenzi wa shule, akitokwa jasho na asubuhi yenyewe ya baridi. Nyuma yake alikuja mwanamume wa koti la kijivu, mpole, mwenye viatu safi kupita kiasi kwa matope ya mtaa ule.

"Madame, huyu monsieur anapita mu mashule yote," Venant alisema akitazama sakafu. "Anahesabia batoto."

Mgeni hakuhesabu mtoto yeyote. Alikwenda moja kwa moja ukutani.

"Kazi muzuri. Ni batoto njo banachora hivi?"

"Ni muchezo tu, papa," Emérence alisema. Sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali.

Kengele ikalia. Watoto wakamiminika ndani, na walipomwona mtu wa koti kando ya mkurugenzi, walifanya walichozoezwa muhula mzima. Walisimama wima, wakaimba kwa pamoja: "Bonjour, Monsieur l'Inspecteur!" Mbele ya inspekta, mkaguzi wa shule, mwenye kazi bora hangoji kuitwa. Joviale alikuwa ameshachukua kijiti cha ubaoni.

"Joviale, ikala," Emérence alisema, akimwonyesha dawati lake.

"Mumuache, Madame," alisema mgeni. "Anifundishe."

"Huku ni kaskazini," Joviale alianza, na miezi ilikuwa imepita bila sauti yake kutoka hivyo. "Hii ni njia ya kushuka Nyawera. Hapa ni bomba. Hapa ni jikoni, na nyuma ya jikoni..."

Emérence aliinyakua ile karatasi ukutani, pini zikaruka.

"Uongo! Hii yote ni uongo! Umechora vitu haviko! Sifuri!"

Alitamani mtoto alie tu, akae chini, amchukie maisha yake yote. Amchukie, ila anyamaze.

Joviale alimtazama kama aliyezabwa kofi na mama yake mzazi.

"Si uongo, Madame! Nilipima mimi mwenyewe. Kutoka mulango ya jikoni mpaka ku kitanda ya papa ni hatua kumi na mbili. Nilipima mara mbili!"

Kisha akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Mgeni aliichukua karatasi kutoka vidoleni mwa Emérence. Aliinyoosha, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Mumurudishie pointi zake, Madame," alisema kwa upole. "Mutoto hakukosea."

Akatoka. Papa Venant hakuinua uso.

Kutoka shuleni hadi nyumbani kwao, Joviale alikuwa ameandika, ni hatua mia sita. Emérence alivua viatu ili akimbie, awahi kuwaonya, akapita katikati ya madawati bila kumuaga mtu. Alikuwa amefika mlangoni, viatu mkononi, aliposikia nje gari la mgeni likiwashwa.