Baraza la Memori Kadi

Kamera iliandika maneno mawili mekundu, "Hitilafu. Kadi.", kisha ikanyamaza, kama daktari aliyekwisha kutoa habari mbaya na sasa anatafuta mlango wa kutokea.

Fundi Picha, kama mtaa ulivyomwita tangu afungue kijichumba chake cha picha za pasipoti, aliizima na kuiwasha. Hitilafu. Kadi. Aliizima tena, akasubiri, akaiwasha taratibu kwa ule unyenyekevu ambao binadamu huvionyesha vitu vilivyomshinda. Hitilafu. Kadi.

Zingekuwa picha za pasipoti, angewaita wenyewe warudi kukunja nyuso upya. Lakini humo ndani mlikuwa na picha ambayo hakuna aliyeamini ingekuja kupatikana: mama yake na Mama Mkubwa, dada mtu, wamekumbatiana. Wawili hao walikuwa hawasemezani tangu bibi alipofariki na kuacha cherehani moja na mabinti wawili. Miaka yote hiyo hakuna aliyeishonea hata kifungo. Ilikaa kwa Mjomba, kaka yao, chini ya turubai, ikila kutu kwa niaba ya wote. Ndipo juzi, kwenye tafrija ya Mjomba ya kustaafu, baada ya hotuba yake ndefu iliyomfanya kila mtu atafute wa kumwegemea, ndugu hao wakajikuta wameshikana. Fundi Picha alibonyeza. Aliona hakuna tena kitu duniani kinachostahili kupigwa picha siku ile, akaitundika kamera kwenye kiti, akaenda kucheza.

Sasa Mama Mkubwa alikuwa ametuma salamu kupitia Mjomba. Anaisubiri picha, iwe kubwa na itiwe fremu, na ukuta ameshaupangusa. Isipofika kabla ya Jumapili, atakuwa ameelewa. Hakusema ataelewa nini. Katika ukoo ule, mtu akisema ameelewa, wengine hujiandaa kwa miaka mingine ya kusalimiana kupitia kwa watoto.

Fundi Picha, kama binti, alipomshauri mama yake apige simu aeleze tu kwamba kadi ina matatizo, Mama alimtazama kama anayemtazama mtu aliyependekeza kuzima moto kwa petroli.

"Atasema nimeifuta makusudi," alisema. "Namjua. Tumelala kitanda kimoja mpaka siku aliyoolewa, na shuka alikuwa akivuta yeye."

Basi likaitishwa baraza. Alikuja Mjomba, ambaye tangu astaafu alikuwa na muda mwingi kuliko shughuli, na ambaye kwa kweli ndiye aliyekuwa mwenye kadi. Aliitoa kwenye simu yake ya zamani akampa mpwa wake, kwa sharti kwamba nyimbo zake zilizomo zisiguswe. Ndiyo maana kadi ile haikuwahi kusafishwa tangu ifike kwenye kamera. Sura za wateja zilikaa humo pamoja na nyimbo za ujana wa Mjomba kama wapangaji wanaotumia choo kimoja. Alikuja pia Shemeji, mume wa dada yake Fundi Picha, mtu mwenye utaalamu wa kila kitu. Aliwahi kulitengeneza jokofu la nyumbani kwake kwa mikono yake mwenyewe, na tangu siku hiyo familia yake hununua barafu kwa jirani.

Shemeji alivua saa, akapandisha mikono ya shati, akaomba mwanga. Fundi Picha, mwenye kamera, mwenye kazi na mwenye kilio, akapewa heshima ya kushika tochi.

Kwanza Shemeji aliichomoa kadi na kuipuliza. Alieleza kwamba asilimia kubwa ya matatizo ya kadi ni vumbi. Aliipuliza kwa moyo wote, na kama palikuwa na vumbi, sasa palikuwa na tope. Ikarudishwa. Hitilafu. Kadi. Mjomba akasema ofisini kwao vitu kama hivyo walikuwa wakivisugua kwa ufutio, akatoa ufutio mfukoni, maana hata baada ya kustaafu hakuwa amezoea kutembea bila vifaa, akayasugua meno ya shaba mpaka yakang'aa kama ya bwana harusi. Hitilafu. Kadi. Mama akashauri izikwe kwenye mchele, kwa kuwa simu ya jirani ilipona hivyo. Alipokumbushwa kwamba simu ya jirani ilitumbukia majini na kadi hii haijaona maji isipokuwa yale ya Shemeji, alisema mchele haudhuru mtu. Ikazikwa. Wakaketi kulizunguka bakuli kama wanaosubiri yai lianguliwe.

Ilipofukuliwa, Shemeji aligundua kitufe kidogo cha kufungia pembeni mwake. Akakishusha, akatangaza kwamba imefungwa. Akakipandisha, akatangaza kwamba imefunguliwa. Na kwa jinsi alivyoridhika mtu angedhani tatizo limekwisha. Walipoichomeka kwenye kompyuta, kompyuta haikulalamika wala kusalimu. Haikuonyesha hata kwamba kuna kitu kimeingia. Shemeji akasema hiyo ni dalili ya virusi, tena vile vya kimyakimya, ambavyo ndivyo vibaya zaidi. Dawa yake ni moja tu, kuifomati.

"Ukishaifomati," alisema, "itasoma."

"Itasoma nini, Shemeji?" Fundi Picha aliuliza kutoka nyuma ya tochi.

"Itasoma kwamba iko tupu."

Bahati nzuri hata kufomati kulikataa. Basi mtaalamu akavaa saa yake na kutoa hukumu. Kadi imekufa, tena imekufa siku nyingi, na kama wangemwita mapema pengine angeiwahi.

Mama aliinuka, akaenda jikoni. Binti alimkuta akihamisha sufuria kutoka rafu ya juu kwenda ya chini, kisha akizirudisha.

"Si picha, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Mimi nitakumbuka kwamba tulishikana. Yeye hukumbuka mabaya tu, tangu utoto. Nilitaka awe nayo ukutani, ili siku akinikasirikia ikutane naye macho kwa macho."

Fundi Picha alirudi sebuleni akaichukua kadi mezani, na ndiyo iliyokuwa mara yake ya kwanza kuishika mchana ule. Hakuwa na matumaini makubwa. Alitaka tu kuijaribu kwenye simu yake. Kwa kuwa ilitoka kwenye simu, kadi yenyewe ni ndogo kama ukucha wa kidole kidogo, nayo huvalishwa adapta, kijumba cha plastiki kinachoifanya ienee kwenye kamera. Aliigeuza adapta ili aichomoe kadi kwa ukucha. Ukucha ukaingia kwenye tundu, ukaenda mpaka mwisho bila kukutana na mtu.

Alichungulia. Akamwaga mchele. Akapiga magoti na kuangalia chini ya kochi.

"Kadi yenyewe iko wapi?" aliuliza.

Shemeji aliuliza kadi ipi. Kisha uso wake ukaanza kubadilika polepole, kama wa mtu aliyekumbuka yuko njiani kwamba ameacha jiko linawaka. Ukweli ulitoka kwa mafungu. Kwenye tafrija, baada ya hotuba, Mjomba alitaka nyimbo zake. Nyimbo zilikuwa kwenye kadi, kadi ilikuwa kwenye kamera, kamera ilikuwa kwenye kiti. Yeye Shemeji, kwa nia njema kabisa, aliichomoa ile ndogo akaitia kwenye spika, kwa dakika mbili tu. Adapta akairudisha kwenye kamera isije ikaingia vumbi.

Mjomba aliutazama ufutio wake. Akasema polepole kwamba wamekesha wakimtibu marehemu aliyekwenda zake sokoni, ingawa hakukuwa na usiku wala soko.

"Na spika?" Mama aliuliza kutoka mlango wa jikoni.

Spika ilikuwa ya Mama Mkubwa. Aliiazimisha, na sherehe ilipokwisha aliibeba akaenda nayo kwake.

Shemeji, ambaye hakuwa mtu wa kuzamishwa na kosa moja, alijitolea kumpigia simu Mama Mkubwa na kumwelekeza jinsi ya kukichomoa kijikadi hicho kwa vidole viwili. Wote wakamfikiria Mama Mkubwa, ambaye hata taa huizima kwa kuipiga swichi ngumi, na hakuna aliyeunga mkono hoja. Mama alijitupia mtandio begani. Alimwambia binti yake achukue kamera.

Muziki waliusikia tangu mtaani. Mama Mkubwa alifungua mlango, akaangalia kwanza mikono yao.

"Fremu iko wapi?"

"Hata picha hatuna, dada," Mama alisema. "Unayo wewe. Imekuwa ikikuimbia tangu juzi."

Ilibidi kuelezwa mara mbili, na mara ya pili Mama Mkubwa alicheka mpaka akashika mlango. Kumbe naye alikuwa akishangaa spika yake imejifunzia wapi nyimbo za kaka yake. Hata hivyo alikataa izimwe kabla wimbo haujaisha, akasema si adabu kumkatiza mtu. Wakakaa kuusubiri, dada wawili kwenye kochi moja, kila mmoja akijifanya anausikiliza.

Kadi ilipovaa tena adapta na kuingia kwenye kamera, picha ilijitokeza palepale, safi, bila hitilafu. Vichwa viwili viliinama juu ya kioo kidogo. Fundi Picha alijiandaa kwa machozi.

"Mbona nimefumba macho?" Mama Mkubwa alisema.

"Afadhali wewe. Mimi ona mdomo."

"Na huyu nyuma anayetafuna ni nani?"

Alikuwa Shemeji. Mama Mkubwa akairudisha kamera kwa ncha za vidole. Alisema hii haitundiki, wageni watadhani analilia deni. Mama akasema hata yeye hataki ionekane. Fundi Picha akaanza kuizima kamera.

"Basi tupige nyingine," Mama Mkubwa alisema, tayari amesimama, akinyoosha gauni. "Wewe kaa huku. Huku ndiko upande wangu mbaya, utanifunika."

"Huko ndiko upande wangu mbaya pia. Sura si moja?"

"Sogea tu, mdogo wangu, kabla uso haujachoka."

Mama akasogea. Walishikana kwa ukaidi mwanzoni, kama watu wanaobebeshana gunia, kisha mabega yakalegea. Fundi Picha alibonyeza. Picha ilitoka vizuri kuliko zote alizowahi kupiga. Akawaambia haikutoka, wasiachiane kwanza.