Hawezi, au Haachiwi?

Haya, tegua kitendawili: nampa kila kitu na bado anapungukiwa. Usijikune kichwa, ni mama mkwe wa Bi Haraka. Jina hilo Bi Haraka alibandikwa na wifi yake, maana ukinyoosha mkono uchukue kikombe, unakuta ameshakifikisha mdomoni mwako.

Tangu mama mkwe aanze kusahau, Bi Haraka hakumwacha ashike hata kijiko. Alimvisha, akamchana nywele. Mlango ukigongwa, alifungua yeye. Mgeni akiuliza, "Mama, hujambo?" alijibu yeye, "Hajambo, na kala vizuri." Majirani walimsifu, na sifa zikamkaa kama nguo mpya.

Siku muuguzi alipokuja na maswali yake, Bi Haraka alijua zamu yake ya kung'ara imefika. Na wifi alikuwepo kushuhudia. Muuguzi alieleza kwamba maswali hayohayo yanaulizwa nchi nyingi, kupima wenye ugonjwa wa kusahau wanavyoishi na watu.

"Mama anapokea wageni?"

"Hapana, napokea mimi."

"Anaanzisha mazungumzo?"

"Namwanzishia."

"Anatoka kusalimia majirani?"

"Atoke aende wapi, na mimi nipo?"

Muuguzi alijumlisha, akashusha pumzi. "Kwa majibu haya, hali yake si nzuri. Anahitaji watu wengi wa kumwangalia."

"Basi Jumamosi namchukua," wifi akasema. "Kwangu tuko wengi."

 Muuguzi alipotoka, Bi Haraka alimkimbilia mpaka kizingitini.

"Dada, mimi nimejibu ukweli mtupu."

"Najua. Ila maswali yangu yanaona kwamba hafanyi, hayaoni kwa nini. Kwingine mzee asipofungua mlango, ujue hawezi. Hapa kwenu je? Hawezi, au haachiwi?"

Bi Haraka aligeuka, akamtazama mama mkwe aliyeketi ndani.

"Mwachie, tuone," muuguzi akasema. "Nitarudi niulize upya."

Kukaa kitako ni kazi nyepesi, kama wewe si Bi Haraka. Jumamosi mlango ulipogongwa, alinyanyuka nusu, akarudi chini, akaikalia mikono yake. Mlango ukagongwa tena. Bibi, yule mama mkwe, akautazama mlango, akamtazama mkwewe.

"We binti, huko kwenu watu hawafungui mlango?" akasema, akainuka mwenyewe.

Alikuwa wifi, na begi tupu la kupakia nguo. Bibi alimkagua usoni. Jina halikuja, ila maneno yalikuja.

"Karibu, mwanangu. Mbona umekonda? Huyo mumeo anakula peke yake?"

Wifi alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Bibi akamkalisha, akaingia jikoni. Vikombe vikalia, sufuria ikaanguka, Bi Haraka akatokwa jasho palepale alipokaa. Chai ikaja. Ilikuwa na chumvi. Wifi akaonja, akameza, macho yakamtoka.

"Tamu?" Bibi akauliza.

"Mama, chai kama hii sijawahi kuinywa."

"Basi nikuongeze."

Bibi aliuliza habari za watoto, akaziuliza tena, na tena, na kila mara wifi akajibu kama ndiyo kwanza anaulizwa. Bi Haraka alijing'ata ulimi.

"Ulisema hapokei wageni," wifi akamnong'oneza.

"Nilikuwa nampokelea."

"Na kusema je, ulikuwa unamsemea?"

Bi Haraka akatazama chini. "Nilidhani ndiyo heshima, wifi."

"Ndiyo. Ila ulimpa nyingi mno." Wifi akalisukuma begi chini ya kiti. "Abaki hapa. Muuguzi akija, mwache ajibu mwenyewe. Nami nitakuwa nakuja, ila sukari nitaitia mwenyewe."

Alipoaga, Bibi naye akasimama, akajitanda mtandio. "Mgeni husindikizwa."

Getini Bi Haraka, kwa mazoea, alimshika kiwiko amgeuze. Bibi akakichomoa.

"Wewe rudi ndani. Huoni tuna mazungumzo?"

Wakaenda polepole, wameshikana mikono, Bibi akisema na wifi akiitikia. Kabla ya kona wifi aligeuka, akaashiria kwamba atamrudisha. Bi Haraka akaliacha geti wazi, akasimama hapo kusubiri.