Injini Isiyohitaji Sikio

Kaka yangu mkubwa walimwita Sikio, na wala halikuwa jina la kumcheka. Alikuwa anaweka ncha ya bisibisi kwenye injini ya pikipiki, mpini sikioni, anafumba macho, kisha anagusa skrubu ya kabureta kidogo tu, basi. Mteja anaondoka anacheka peke yake barabarani.

Masikio hayo sasa yamekufa. Kelele za gereji ziliyala kidogo kidogo, naye akaficha, akawa anaitikia tu "eeh, eeh" huku anakodolea midomo ya watu. Pikipiki zikaanza kurudi zinatoa moshi mweusi. Mimi mdogo wake, ninayeshika naye spana kila siku, ningekosaje kujua? Nikamwambia aende akapimwe. Akasema alishapimwa zamani, na dawa hakuna.

"Lakini kompyuta haina haja ya masikio yangu," akasema.

Hapo ndipo wazimu ulipoanza. Akachukua pikipiki yake mwenyewe, ile kuukuu ambayo injini yake inapozwa na upepo tu, akang'oa kabureta. Anataka kuweka nozeli inayopuliza petroli kwa amri ya kompyuta, na cheche ya plagi nayo ipangwe na kompyuta hiyo hiyo, kama pikipiki za kisasa. Ikikubali, atabaki fundi: atasoma namba kwenye kioo cha kompyuta, hatasikiliza kitu. "Isipokubali, basi mimi nimekwisha, mdogo wangu." Nikamfokea aache kujitabiria mabaya. Hasira gani, nilikuwa naogopa tu.

Tulitoboa tangi tukaweka pampu. Tukachomelea kwenye ekzosi kihisi cha kunusa moshi. Kile cha kupima joto akakifunga mwenyewe kwenye mapezi ya kupozea, upande wa mbele wa silinda, mahali safi panapoonekana. Enzi za kabureta, joto la injini alikuwa analijua kwa mlio. Hakuwahi kulipima maishani mwake. Hakufikiria kwamba mbele ndipo upepo unapopiga, na mimi pia halikunijia.

Ikawaka mara ya kwanza. Loo! Namba zote zimetulia kwenye kioo. Kaka akanikumbatia na mikono yake ya grisi, akanichafua hadi shingoni. "Panda nyuma," akasema, "twende mlimani."

Kwenye tambarare tuliteleza kama maji. Tulipoanza kupanda, nikasikia: injini inagonga, kama kokoto kwenye kopo. Upepo unakipoza kile kihisi, kompyuta inadhani injini ni baridi, inazidi kuwahisha cheche, na huku nyuma chuma kinaungua. Fundi yeyote akisikia mlio ule anaachia mafuta hapo hapo. "Achia!" nikapiga kelele. "Kaka, achia!" Nikampiga mabegani kwa viganja vyote viwili.

Akageuka nusu, meno nje. Alidhani nashangilia. Akavuta mafuta mpaka mwisho.

Injini ikafa kabla hatujafika juu. Pistoni ilikuwa imetoboka, harufu ya oili iliyoungua imetujaa puani. Akashuka, akanitazama mdomo.

"Iligonga?"

"Iligonga."

"Sana?"

Ningedanganya nini, jamani? Nikaitikia kwa kichwa.

Hakutukana, hakupiga kitu teke. Bora angepiga. "Kuanzia kesho wateja ni wako," akasema, akashika usukani, akaanza kuikokota kuteremka. Mimi nikashika nyuma, kuizuia isituponyoke. Nikawa namwambia kihisi tutakihamishia nyuma, pistoni tutatafuta nyingine, kosa ni dogo, kaka, kosa ni dogo sana, usiniache peke yangu kwenye gereji ile. Nilisema hivyo mpaka sauti ikanikauka.

Yeye alikuwa mbele, amenipa mgongo. Hakusikia hata neno moja.