Waya wa Kuanikia

Yuniti hamsini za umeme zilipoisha kwa siku nne, mtu wa kwanza niliyemshuku alikuwa mama yangu mzazi. Nasema ukweli, sina sababu ya kujipamba. Nyumbani kwetu Maisaka tulikuwa wanne tu: mimi, mume wangu Anselm, ambaye wiki nzima yuko barabarani na lori, mtoto wetu Venance, anayeshinda shuleni, na mama, aliyeteremka kutoka Dongobesh baada ya Pasaka kuja kutibiwa magoti. Kabla hajaja, yuniti hamsini zilitufikisha karibu mwezi mzima, pamoja na cherehani changu cha umeme. Alipoingia yeye, na mvua nazo zikaingia, umeme ukaanza kuyeyuka.

Nikawa namvizia. Nazunguka vyumbani kuzima taa ambazo hazijawashwa. Naigusa pasi kama ina joto. "Mama, mchana uliwasha nini?" Ananiangalia kwa mshangao. "Mimi? Mimi hata kuwasha sijui." Na kweli hajui, jioni ilikuwa ikimkuta gizani anakaa humo humo mpaka mmoja wetu atokee.

Siku moja akarudi kutoka uani na beseni la nguo mbichi likiwa limejaa vilevile. Akaliweka chini, akawa anausugua mkono wa kulia.

"Fabiola, ile waya yako ya nguo inauma."

"Inauma vipi? Imekukata?"

"Inauma tu. Kama siafu, mpaka hapa." Akagusa kiwiko.

Nikavaa kandambili, nikatoka. Niliushika ule waya kuanzia kwenye ukingo wa bati ulikofungwa mpaka kwenye nguzo ya mti upande wa pili. Baridi na maji ya mvua, basi. Nikamwita aje naye aushike, ajionee. Alisimama mlangoni, peku kama kawaida yake maana viatu kwake ni vya kanisani, akatikisa kichwa kama mtoto anayekataa dawa.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Dada yake mama, mama mkubwa Katarina, alianza hivi hivi. Mkono ukafa ganzi. Baadaye akasema kuna watu ndani ya nyumba wanamchoma sindano. Mwaka haukuisha, akafa hamjui hata mmoja wa wanawe. Nilimwosha mimi miezi ile ya mwisho, akiniita kwa jina la mtu nisiyemfahamu.

Nikampeleka mama zahanati. Nesi akampima presha, akamkunja vidole, kisha akamuuliza tuko mkoa gani. Mama akajibu bila wasiwasi, "Arusha." Nesi akanitazama. Manyara yetu ilikuwa bado mkoa mpya, umemegwa kutoka Arusha, na wazee wengi walikuwa hawajaupokea, ila dakika ile sikulikumbuka hilo. Nilimwona mama yangu anaondoka huku amekaa kwenye kiti mbele yangu.

Basi kesho yake nikafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia naacha ninachokifanya. Nilimlazimisha. Nilimwekea shuka mbichi mikononi, nikamsimamisha chini ya waya. "Mama, hakuna kitu. Ukikiogopa kitu ambacho hakipo, kitakuzidi. Anika." Nilikuwa nimekasirika, na hasira yenyewe ilikuwa hofu tupu. Akaunyanyua mkono. Mwili ukamruka, shuka likaanguka kwenye tope, machozi yakamtoka. Aliliokota shuka, akaenda kulisuuza upya.

Ijumaa nilimlalamikia jirani yangu Sadallah, Baba Rahma, anayeuza vifaa vya umeme mjini na kufunga nyaya majumbani. Si habari za mama, hizo niliona aibu. Nilimwambia za yuniti.

"Mama Venance, zima kila kitu, chomoa kila kitu, halafu kaitazame mita ya luku," akaniambia. "Kile kitaa chekundu kikiendelea kupepesa, umeme unakwenda mahali. Na ukikiona, usiguse chochote. Niite mimi."

Alasiri nilikuwa nakata sare za kwaya. Nikaiacha kazi mezani, nikazima na kuchomoa kila kitu, nikaenda ukuta wa mbele kuitazama luku, rula ndefu ya mbao ya kushonea imebaki kwapani. Kitaa kilikuwa kinapepesa haraka haraka. Nikarudi ndani, nikateremsha meni swichi. Nikatoka tena.

Kinapepesa.

Nyumba nzima nimeiua, na bado kuna kitu kinakula. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini nakiri nilitazama nyuma yangu kuona kama kuna mtu. Matone ya mvua yakaanza kugonga bati. Ndipo nikasikia sauti kutoka uani, si neno wala kilio, sauti ya mtu aliyebanwa pumzi.

Mama alikuwa amekwenda kuanua. Asubuhi nilikuwa nimeanika vitambaa vya kwaya, na alipoona mvua inakuja, aliona kazi yangu itaharibika. Alikwenda akijua utamuuma. Nilimkuta amesimama peku kwenye tope, kiganja cha kulia kimeufumbata waya, mdomo wazi, mwili wote unatetemeka. Macho yalikuwa yananiangalia mimi.

Swichi nilikuwa nimekwisha kuiteremsha. Hapakuwa na kingine cha kuzima. Kumshika nilijua siwezi, tungekufa wote wawili.

Nikampiga. Nilimpiga mama yangu mkononi kwa ile rula kavu, kwa nguvu zangu zote. Mara ya kwanza mkono haukuachia. Mara ya pili haukuachia. Mara ya tatu niliilenga mifupa ya vidole, nikaisikia inalia, na kiganja kikafunguka. Akaanguka chali.

Mwamvita, mke wa Sadallah, alikuwa ametokeza uzioni. "Jamani, njooni! Anamuua mama yake!" Na ukitazama vizuri, hakuwa amekosea sana.

Sadallah akaja mbio, akaukata umeme kule juu kabisa, kabla haujaingia kwenye luku. Hakuchukua muda kuona. Mwaka uliotangulia tuliongeza chumba cha cherehani, tukahamisha meni swichi, na fundi tuliyemwokota kwa bei rahisi akaupitisha waya kutoka kwenye luku juu ya mapaa. Upepo ukausugua, bati likaula mpira mpaka shaba ikabaki uchi. Mapaa yakilowa mvua, bati lote linapata umeme, na waya wa kuanikia umefungwa kwenye bati.

"Umetobokea kati ya luku na swichi," alisema. "Ungezima mpaka kesho."

"Lakini mimi niliushika, Baba Rahma. Niliushika wote."

Aliitazama miguu yangu. "Wewe una kandambili. Mama hana."

Nilikaa pale pale kwenye tope.

Mama alilazwa siku tatu. Kiganja kiliungua, na vidole viwili vilivunjika, hivyo nilivivunja mimi. Jumatatu nikamrudisha nyumbani. Waya wa paani ulikuwa mpya, umepita ndani ya bomba, na Sadallah alikuwa amepima kila mahali mbele ya macho yangu. Lakini mama alipofika getini alisimama, bandeji imekumbatiwa kifuani, akaukazia macho waya wa nguo.

"Mama, twende ndani. Imetengenezwa. Hakuna kitu."

"Hata juzi uliniambia hivyo."

Hakusema kwa hasira.

Nikavua kandambili, nikazitupa kando. Tope lilikuwa la baridi, likapenya katikati ya vidole. Niliyaona yote Sadallah aliyoyafanya, niliyaelewa, na bado niliogopa. Nikaunyanyua mkono, ukasita. Nikafumba macho, nikaufumbata waya kwa kiganja chote.

Haukuuma. Niliendelea kuushika, nikivuta pumzi. Nilipofumbua macho, mama alikuwa nyuma yangu, peku, amelikamata gauni langu kwa mkono wake mmoja mzima, tayari kunivuta.