Acha Shemeji Asubiri

Siku shemeji alipoingia dukani kuagiza gari la spoti, Darubini alikuwa amepiga magoti nyuma ya gari la mteja mwingine, anakagua bampa. Alisikia sauti kabla hajaona mtu, na kuna sauti, jamani, hata ukiamshwa usingizini utazitambua.

"Nataka lile la chini kabisa," sauti ilikuwa inamwambia bosi. "Jekundu, milango miwili. Likinguruma, mtaa mzima ujue nimefika."

Darubini alibaki palepale chini. Yule alikuwa mume wa mdogo wake. Tuseme aliyekuwa mume, maana alishachukua begi lake akahamia kwa msichana mmoja ambaye Darubini alimwita Manukato, kwa kuwa ukipishana naye unapiga chafya mpaka kona ya pili.

Kuondoka si neno. Wanaume wanaondoka kila siku na dunia haisimami. Kilichomchoma Darubini ni jinsi alivyoondoka. Hata kwaheri hakusema. Alipiga simu akasema yuko njiani, wamwekee chakula. Mke akaweka chakula, akakifunika, akakaa dirishani. Kesho yake simu tena: niko njiani. Ikawa ndiyo hivyo, siku nenda siku rudi, mwanamke anasubiri, anakonda, anabaki macho tu, mpaka Darubini alipokwenda na gari la kukodi akambeba yeye na watoto wake wawili akawaleta kwake. Siku ile aliapa: huyu bwana na yeye atasubiri kitu mpaka kimtokee puani. Kitu gani, hakujua. Sasa tazama, kitu kimejileta chenyewe kwa miguu yake.

Maana pale dukani gari jipya haliendi kwa mwenyewe hivi hivi. Likishushwa linapita kwanza mikononi mwa Darubini. Yeye ndiye anayelizunguka, anapitisha kidole kwenye rangi, anafungua milango na kuifunga, anasikiliza, ananusa viti. Akisema tayari, linatoka. Akisema bado, hata bosi ananywea, kwa sababu tangu ashike kazi ile hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika. Jina lenyewe alipewa na mafundi. Wanasema anaona mkwaruzo ambao gari lenyewe halijui kama linao.

Shemeji alipogeuka na kumwona, alishtuka, kisha akajichekesha. "Ah, shemeji! Kumbe uko hapa? Basi mambo yangu yamenyooka."

"Yatanyooka," Darubini alisema, akijipangusa magoti. "Tena yatanyooka mpaka uchoke."

Gari lilikuja baada ya miezi kadhaa, na tusidanganyane, lilikuwa gari. Fundi wa rangi, mzee wa maneno mengi, alipiga mluzi akavua kofia kama anayepita penye msiba. Darubini alilizunguka. Halafu akalizunguka tena, safari hii akiomba kosa. Wapi! Lilikuwa safi kama yai lililomenywa.

"Mkwaruzo huu hapa," alisema, akigusa chini ya mlango wa kulia.

Fundi aliinama. "Wapi?"

"Hapo."

"Mimi naona kidole chako."

"Basi mkwaruzo uko chini ya kidole. Upakwe rangi mlango mzima."

Fundi aliinuka taratibu, akamtazama. "Gari la nani hili?"

"La shemeji yangu. Yule aliyemwacha mdogo wangu."

"Ahaa." Akavaa kofia yake. "Mwanangu, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune."

"Jembe ninalo," Darubini alisema. "Nimeshalinoa, ila silipeleki shambani."

Jumamosi shemeji alikuja mbio, amevaa miwani nyeusi na glavu za kuendeshea. Glavu! Darubini alimpeleka uani, akamwonyesha gari likiwa limefunikwa kitambaa, umbo tu linaonekana, na uzio wa waya umezungushwa.

"Nilione kidogo tu," shemeji aliomba.

"Bado."

"Nikae ndani nishike usukani."

"Shemeji, unataka gari lenye doa? Mimi siwezi kukufanyia hivyo. Wewe ni ndugu."

Alishika waya kwa glavu zake, akasimama akitazama kitambaa mpaka jua likamchoma utosi. Darubini alimwangalia kupitia dirisha la ofisi, akinywa chai, na chai ile ilikuwa tamu kuliko chai zote alizowahi kunywa. Tusimwonee haya mtu aliyefurahi. Alifurahi.

Jioni akamkuta mdogo wake anapiga pasi sare za watoto. Akamhadithia yote, waya, glavu na jua, akamwigiza hadi sauti. Mdogo mtu alicheka mpaka akaweka pasi chini.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Shati la bluu."

"Lile la mikono mirefu? Limepigwa pasi?"

"Limekunjamana kama ng'ombe amelitema."

"Na amekonda?"

"Mashavu yameingia ndani."

"Masikini..."

"Masikini wa nini! Acha aone!"

"Namcheka tu, dada," mdogo mtu alisema, akarudi kwenye pasi. "Acha asubiri."

Darubini alilala amejaa raha. Kwa muda mrefu hakuwa amesikia kicheko kile ndani ya nyumba. Akajiambia, kumbe kisasi ni dawa, ukimpa mgonjwa kidogokidogo anapona. Hicho ndicho alichotaka: yule bwana ateseke, na mdogo wake apone akiona anavyoteseka. Akipona abaki hapohapo kwake, na watoto, waishi vizuri bila kumhitaji mwanaume wa glavu.

Basi kila Jumamosi likapatikana jambo. Mara mlango ukifungwa unalia. Mara kiti kinanuka gundi. Mara kapeti za miguuni zimepishana rangi, ziagizwe nyingine. Shemeji anakuja, anaambiwa bado, anashika waya, anaondoka. Mpaka siku moja akaja bila miwani, macho mekundu, ndevu hazijakatwa.

"Shemeji, nihurumie. Yule msichana ameondoka."

Darubini aliweka kikombe chini. "Nani?"

"Nilimwahidi tutasafiri na hili gari. Nikamwambia Jumamosi hii, nikamwambia Jumamosi ijayo. Kasema yeye hawezi kupanda picha ya gari. Kachukua vitu vyake."

Weee! Darubini alijiuma ulimi asicheke. Alimpa pole, pole ndefu yenye kichwa upande, halafu akaenda chooni akacheza peke yake. Malipo ni hapa hapa duniani, wazee hawakukosea! Jioni aliingia nyumbani hata viatu hajavua.

"Manukato amemwacha!"

Mdogo wake alisahau pasi mkononi. Pasi ilikuwa juu ya kola, na kola ikaanza kutoa moshi.

"Unaunguza!"

"Kweli amemwacha?"

"Kwa mdomo wake mwenyewe kasema. Analia kama mtoto aliyenyang'anywa pipi. Sasa nafikiri nimpe tu gari lake, yaishe. Ameshakoma."

"Aa," mdogo mtu alisema upesi. "Dada, mapema yote hiyo? Mimi nilisubiri kiasi gani? Tafuta hata kosa lingine."

Damu yangu hiyo, Darubini alijisemea kwa fahari. Akatafuta.

Nyumba ikachangamka. Mdogo wake akaanza kupaka wanja, akaimba akiosha vyombo. Watoto wakapata mpira mpya, wakaanza kuzipenda Jumamosi. Bomba la jikoni lililokuwa likidondoka tangu mwaka jana likakauka kimya. Darubini alipouliza akaambiwa fundi alipita. Yeye kila Jumamosi alishinda kazini, fundi gani huyo asingejua, wala hakujali. Mgonjwa anapona, unauliza bomba?

Kilichomkera ni shemeji. Alianza kuchukua mambo kirahisi mno. Anaingia dukani ameoga, amenyoa, shati limenyooka. "Bado, shemeji?" "Bado." "Haya, Jumamosi ijayo." Anaondoka anapiga mluzi! Hashiki tena waya. Darubini akaona huyu anajikaza kiume, lazima aongezewe dozi. Akaagiza viti vyote viwili vitolewe nje, vikaguliwe upya.

"Mwanangu," fundi wa rangi alisema, akiwa amekumbatia kiti, "gari hili limeguswa mpaka linaona aibu. Na shemeji yako mbona amenenepa?"

"Anakula kwa mawazo."

"Mawazo hayanenepeshi," fundi alisema.

Hatimaye bosi akaingilia kati. Gari la yule bwana linaota mizizi uani, alisema, Jumamosi litoke, kosa lipo au halipo. Darubini hakubisha. Alishapanga la mwisho, na ndilo alilolitamani kuliko yote.

Dukani wana desturi yao. Gari likikabidhiwa linawekwa katikati ya ukumbi, limefunikwa. Wafanyakazi wote wanakusanyika. Mteja anakuja na mtu wake, mke, mama, mtoto, yeyote, na huyo mtu wake ndiye anayevuta kitambaa, makofi yanapigwa. Shemeji hana mtu. Atasimama pale peke yake, macho yote yakimtazama, bosi atauliza nani anavuta, naye hatakuwa na wa kumtaja. Na mdogo wake atakuwepo, amependeza, amesimama na dada yake, anaona.

"Njoo umwone anavyoaibika," alimwambia.

"Nitakuja," mdogo wake alisema. Asubuhi nzima alikaa mbele ya kioo. Alivaa gauni la kijani ambalo hakuwa amelivaa tangu aachwe, akauliza mara tatu kama linamkaa. Lilimkaa, Darubini machozi yakamlengalenga kwa furaha.

Ukumbi ulijaa. Shemeji alisimama karibu na gari, mikono nyuma, peke yake kama mti uliosahauliwa uwanjani. Darubini alimshika mdogo wake mkono, akambana vidole. Bosi akakohoa, akatabasamu.

"Haya, mteja wetu. Nani anatuvutia kitambaa?"

Kimya. Darubini alikionja kile kimya kama mtu anayelamba kijiko cha asali. Shemeji alitazama chini. Kisha ule mkono aliokuwa ameushika ukachomoka taratibu, na gauni la kijani likapita mbele yake, likapita kati ya mafundi, likafika kwenye gari. Mdogo wake alishika pembe ya kitambaa, akavuta.

Makofi yalilipuka. Fundi wa rangi alipiga kuliko wote, kisha akamwona Darubini, akashusha mikono.

Darubini alimfuata mdogo wake pembeni. "Tangu lini?"

"Tangu Manukato alipoondoka. Alitoka hapa akaja mlangoni kwako nyumbani kuomba maji."

"Maji!"

"Sikumpa. Nilimwacha nje juani. Jumamosi iliyofuata nikampa maji akiwa nje. Halafu nikampa bomba atengeneze. Dada, usidhani nilimpokea mbio. Watoto walikula mbele yake mara mbili kabla sijamkaribisha."

"Na mimi kila jioni nakuhadithia, unacheka!"

"Nilikuwa nacheka kweli."

"Ukaniambia nitafute kosa lingine!"

"Ungempa gari, angekuja Jumamosi kufanya nini huku?" mdogo mtu alisema, macho hayakukwepa. "Nilitaka nimwone akirudi na kurudi. Nilitaka nione kama atachoka. Hakuchoka. Wewe ndiye uliyenisaidia, dada. Sijui nikushukuru vipi."

Darubini alitamani angepigwa kofi kuliko kushukuriwa vile. Alitaka kumwambia mpumbavu, akashindwa, maana alimwona amesimama wima, shingo imenyooka, hafanani kabisa na yule wa dirishani.

Kazi ni kazi. Alimkabidhi shemeji funguo, akamwonyesha taa, wipa na kitufe cha kuwashia, sauti kavu kama makoko ya wali. Mume na mke walipokwisha kuketi, aliinama dirishani.

"Sikiliza wewe. Mimi sijakusamehe. Leo sijakusamehe, kesho sitakusamehe, na ukimliza tena huyu, hilo gari nitalikagua kwa nyundo."

"Nimesikia, shemeji," alisema yule bwana, kwa adabu, bila kicheko.

Mdogo wake aliinama kutoka kiti cha pili, akamtazama dada yake kwa upole.

"Dada," alisema, "kwani aliniacha mimi, au alikuacha wewe?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Halafu akasema kesho watakuja kuwachukua watoto na vyombo, kioo kikapanda, gari likanguruma, na kweli mtaa mzima ulijua.

Mafundi walirudi kwenye kazi zao. Darubini alibaki katikati ya ukumbi na kile kitambaa miguuni, akaanza kukikunja. Kilikuwa kikubwa, kinahitaji watu wawili. Alikuwa bado na hasira zake zote, hazikupungua hata tone, na kwa mara ya kwanza hakujua azipeleke kwa nani.