Maji Katika Mafuta ya Pampu

Jumanne, saa tatu asubuhi, fundi alifungua skrubu ya koni iliyo nyuma ya pampu, kwenye pikipiki ya maji ya daktari wa meno, na mafuta yakatoka meupe kama chai ya maziwa. Aliyakinga kwa chupa ya jemu. Koni hiyo haihitaji mafuta mengi, kikombe kidogo tu, ya kulainisha beringi zinazoshika shafti. Yakiwa mazima yana rangi ya asali. Yakiwa meupe, maji yameingia, na maji hupita penye sili iliyochoka, ule mpira unaoziba kandokando ya shafti. Fundi alikuwa amefanya kazi hii kando ya bwawa kwa miaka ishirini na tisa, na haijawahi kurudi mashine kwake mara mbili kwa ugonjwa mmoja.

Aliiweka chupa dirishani, juani, ili vitu vijitenge. Kufika adhuhuri mafuta yalikuwa juu, maji chini, na ndani ya maji palikuwa na tondoo ya shaba, ile kofia ndogo ya kidole anayovaa mshonaji. Tundu la skrubu halikuwa na upana wa kupitisha punje ya mahindi. Fundi alilipima, akaipima tondoo, akaandika vipimo vyote viwili kwenye daftari, kisha akampigia simu dada yake.

Dada, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, aliigeuza tondoo mara moja tu. Alama za meno zilikuwapo pembeni. Mama alikuwa akiing'ata kila alipotunga uzi. Walimzika nayo kidoleni, kule mtaa wa chini, miaka mitano kabla ya bwawa kujazwa juu ya mtaa. Wakati ule ofisi ya bwawa ilitangaza kwamba makaburi yote mia mbili na kumi na mawili yamehamishiwa kilimani, na kila familia ikapewa namba. Mama alikuwa namba 47. Dada alikuwa akipeleka maua pale kila Jumapili.

"Labda tondoo tu ndiyo iliyosahaulika," fundi akasema.

"Ilikuwa kidoleni. Walihama na mkono, kidole wakakiacha nyuma kifunge milango?"

Fundi alibadilisha sili zote mbili, akamkabidhi daktari mashine yake. Jumanne iliyofuata daktari aliirudisha, mafuta meupe tena, na chini ya chupa palikuwa na kitana cha mama. Fundi aliona aibu. Dada hakuona aibu yoyote. Alimwambia asiwe na haraka na hizo sili, kwani mama alikuwa anahama, na mtu anayehama hasukumwi. Dada alitaka mama alale kilimani, pale jiwe liliposema amelala. Basi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, fundi alirudishia sili chakavu kwa makusudi, akamdanganya mteja kwamba vipuri havijafika. Jumanne ya tatu ilitoka miwani, imefunguliwa, kavu.

Jumanne ya nne hayakutoka mafuta. Alitoka mama. Alikaa kwenye benchi la vifaa, amevaa gauni la buluu alilozikwa nalo, nywele nyeupe kwa povu la mafuta, akaomba kitambaa. Alisema karakana ni nzuri ila taa iko mbali na kazi. Kisha akamshika fundi mkono.

"Kucha bado unazitafuna."

"Nimepunguza, mama."

"Ulichopunguza ni kucha."

Fundi alimuuliza habari za mtaa wa chini, naye akampa zote. Mwokaji bado anaamka kabla ya watu, na harufu ya mkate inapita madirishani kama zamani, ila siku hizi inapanda wima. Mlango wao wa kijani bado unakwama. Unausukuma kwa goti. Bomba la kona hakuna tena anayelifunga, kwa kuwa haileti tofauti. Jirani wa kushoto na wa kulia wangali wanagombania kamba ya kuanikia nguo. Fundi alisikiliza mpaka birika likakauka motoni. Alikuwa mtu wa kukaribia kustaafu, na kwa saa nzima alikuwa mtoto wa nyumba ya pili kutoka bombani.

Alasiri dada alikuja, wakapanda kilimani wote watatu. Mawe yalikuwa yamepakwa chokaa na kunyooshwa kwa kamba. Mama alisimama kwenye namba 47, akagonga udongo kwa kisigino.

"Arobaini na sita ni nani?"

Dada akasoma jiwe. "Fundi viatu."

"Fundi viatu yuko chini. Jana amenirudishia ndala zangu, gundi haijakauka." Akatazama safu zote, mwisho hadi mwisho. "Hapa hapana mtu, wanangu. Mnataka nilale peke yangu kama mlinzi wa ghala?"

Dada alisema ameleta maua pale miaka thelathini na mmoja, na sasa anataka kumweka mahali pake. Mama alimpangusa uso, akamwambia mahali si pabaya, upepo upo, ila hapana wa kumwamkia.

Wakapitia ofisi ya bwawa. Karani alifungua rejista, akaona namba 47 imehamishwa na kutiwa sahihi, akamweleza mama kwa adabu kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu alikwisha kufika. Mama alimshukuru. Walipotoka nje alimwambia fundi amrudishe, na safari hii azibe sawasawa.

"Kuweka kitu kibovu kwa makusudi, hilo hukujifunza kwangu."

Jumatano yote fundi alikuwa kazini. Alibadilisha beringi, akasugua shafti mpaka ikateleza, akaweka sili mpya, akajaza hewa kwa pampu ya mkono na kukaa mbele ya saa ya presha. Mshale haukusogea kwa dakika kumi. Ndipo akatia mafuta.

Daktari wa meno alimvalisha mama jaketi la kuokolea. Mama alisema halihitaji. Daktari akasema sheria ni sheria. Alipanda nyuma yake, gauni amelikunja magotini, dada akimshika mkono mpaka injini ilipowaka. Katikati ya bwawa, juu ya duka la mikate, aliteremka. Daktari alirudi na jaketi.

Baada ya mwezi fundi alifungua skrubu. Mafuta yalitoka safi, bila tone la maji. Aliyatazama kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyodai. Dada alimwambia amefanya kazi nzuri, akavaa viatu vyake, akaenda ofisini kuomba kwamba akifa azikwe chini, karibu na mama yake.

Karani alimweleza kwamba chini hakuna makaburi; yote yalihamishwa. Alimwandikia namba 213, mwisho wa safu, penye kivuli kidogo. Dada aliuliza kama hatakuwa mpweke pale.

"Hapana, bibi," karani akasema. "Utakuwa na majirani mia mbili na kumi na wawili."