Siku Walipofunga Chumba cha Kuhara

Kitanda cha nne kiligoma kupita mlangoni. Nanyama alikilaza ubavu, akakisukuma kwa nyonga, na magurudumu yenye kutu yakalia sakafuni. Vilikuwa vitanda vya watoto, vya chuma, vyenye vizuizi pembeni. Alikuwa amevipangusa kwa jiki miaka kumi na sita.

"Polepole, Mama," alisema Wechuli, msimamizi wa wafagiaji wa hospitali. "Hakuna anayetukimbiza."

"Chumba mnakifanya nini?"

"Stoo ya makaratasi." Wechuli alikohoa. "Na wewe, wiki ijayo ukae nyumbani kwanza. Ofisi imesema itakuita. Chumba kimefungwa, unaelewa."

Alielewa. Nani angeelewa kuliko yeye? Zamani, kila kiangazi maji ya mtaa wa Nyalenda yalipoanza kunuka, chumba hiki kilifurika. Watoto watatu kitanda kimoja, kichwa huku, miguu kule, mama zao wamelala sakafuni. Alimwaga ndoo, akarudi, akaikuta ndoo nyingine imejaa. Kuna asubuhi alikwenda kuchukua shuka safi, na aliporudi hapakuwa tena na mtoto wa kutandikiwa.

Kisha yakaja matone ya rota, chanjo ya kuzuia kuhara, ambayo mtoto hudondoshewa mdomoni akiwa na wiki sita tu. Mwaka wa kwanza Nanyama hakuona tofauti. Wa pili, watoto wakaanza kulala wawiliwawili, halafu mmojammoja, halafu zikaja siku ambazo mopu yake ilikaukia ukutani. Alifurahi mno. Kwenye foleni ya maji ya Nyalenda, akimwona mwenye mimba alimshika mkono: "Ukizaa, usikose yale matone. Mimi nimeona kwa macho yangu." Wakamwita Mama Matone, na jina likamkaa.

Alikuwa ameshika kitanda cha tano aliposikia mtu akiita nyuma yake.

"Mama."

Sauti hiyo hakuwa ameisikia kwa zaidi ya mwaka. Lorine, bintiye wa mwisho, alipopata mimba chuoni na kukataa kumtaja baba wa mtoto, Nanyama, mama wa kanisa, alimwambia asikanyage kwake mpaka aje na huyo mwanamume. Lorine akaenda kwa shangazi yake, karibu na Port Victoria. Alizalia huko. Habari za mtoto zilimfikia Nanyama kwa midomo ya watu: ni msichana, anaitwa Ajiambo, sasa ana miezi saba.

Lorine alifunua shuka aliyomfungia mtoto. Aliyetazama kwanza hakuwa nyanya, alikuwa mfagiaji wa chumba cha kuhara: macho yaliyozama, midomo mikavu, utosi uliobonyea. Alifinya ngozi ya tumbo. Ilibaki imesimama kama pindo la nguo.

"Tangu lini?"

"Juzi. Anatapika, anaharisha. Shangazi alisema ni meno tu."

"Leta kitabu cha kliniki."

Ukurasa wa chanjo ulikuwa na mihuri kila mahali, isipokuwa kwenye mistari ya rota.

"Zahanati walisema imeisha, nirudi," Lorine alisema. "Nikarudi mara mbili. Ya tatu wakaniambia umri umepita."

"Lakini hapa Kisumu ilikuwepo! Wakati wote huo ilikuwepo! Kwa nini hukuja?"

Lorine alimtazama.

"Ningelala wapi, Mama?"

Nanyama alimnyakua mtoto, akakimbia naye.

Daktari wa zamu alikuwa kijana, jina lake Simiyu. Alitafuta mshipa mkononi, akakosa. Akatafuta mguuni, akakosa. Akanyoa kipande cha kichwa cha mtoto, akachoma, damu haikuja. Ajiambo alilia bila sauti na bila machozi, kisha akaacha kulia.

"Sijawahi kumshika wa hivi," Simiyu alimnong'oneza nesi.

"Kwenye mfupa, daktari," Nanyama alisema kutoka mlangoni. "Hapo chini ya goti. Sista Dorca alikuwa anapitishia maji hapo."

"Mama, tafadhali. Wewe subiri nje."

Hakuwa mtu mbaya. Jasho lilikuwa limemjaa juu ya mdomo. Sista Dorca, nesi wa zamani wa chumba cha kuhara, ambaye angeweza kupata mshipa wa mtoto aliyekauka huku amefumba macho, walikuwa wamemhamishia wodi ya upasuaji tangu mwaka jana. Watoto wa kuhara hawakuwepo tena, angemtibu nani?

Nanyama hakusubiri nje. Alipita ukumbi wote mbio, akapanda ngazi, akavuka kibao cha kukataza watu kuingia, akamkuta Dorca anafunga kidonda cha mtu.

"Sista, mjukuu wangu."

Dorca alishuka ngazi mbilimbili. Aliishika sindano nene, akaizungusha kwenye mfupa wa mguu, na dripu ikaanza kutiririka.

"Mngeniita mapema," alisema.

Saa saba Ajiambo alifumbua macho, akamwangalia mama yake vizuri kabisa, kama mtu aliyekuwa safarini akafika. Lorine akacheka. Saa nane kasorobo alikata pumzi, na safari hii hata Dorca hakuweza kitu.

Wechuli alikuja ameshika kofia mkononi. "Pole sana, Mama. Pole." Alisimama kidogo, akaangalia chini. "Kile kitanda kimoja kimebaki pale mlangoni. Mafundi wa rafu wanashindwa kupita."

Nanyama alikwenda. Alikisukuma mpaka nyuma ya jengo, penye vingine, akakiegemeza ukutani.

Alimkuta Lorine kwenye benchi la nje, mikono imelala mapajani, viganja juu. Aliketi kando yake. Yapo maneno aliyokuwa ameyatafuta njia nzima, na sasa kila alilolishika lilikuwa dogo.

"Lorine."

Binti hakugeuka. Kwenye blauzi yake ya buluu, kifuani, madoa mawili ya maji yalikuwa yanapanuka taratibu.

"Yanatoka tu," Lorine alisema. "Ni saa yake ya kunyonya."

Watu walikuwa wakipita, wengine wakitazama. Nanyama alifungua leso yake kiunoni, akamfunika bintiye kifuani, akaishikilia pale kwa mikono yote miwili. Baada ya muda, leso nayo ikaanza kulowa.